Mbwa wa Bwana Mrefu

Mama yangu alikuwa na swali moja maishani, na alinikabidhi mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa Johannesburg. Alikuwa amesikia, sijui kwa nani, kwamba Wajerumani walioondolewa Tanganyika wakati wa vita, baadhi yao waliishia Afrika Kusini. Kwa hesabu yake nilikuwa nimeshafika mlangoni kwao, kilichobaki ni kupiga hodi.

"Mtafute baba yangu," aliniambia kwenye simu. "Najua keshakufa, sina wazimu. Watafute wanawe. Uwaulize neno moja tu: aliniulizia?"

Hiyo ilikuwa 2015, mwaka ambao sisi wageni wa mtaa wa Bertrams tulijifungia ndani mchana kweupe, maana nje walikuwa wakipita watu wakitwambia turudi kwetu. Kazi yangu ni kushona mapazia, na siku hizo sikuthubutu hata kuendesha mashine. Nimejibanza chumbani na binti yangu, mji mzima unanikana, na mama ananiagiza nikatafute ndugu humo humo. Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikamwambia, "Sawa, mama." Mama akishaagiza hajibiwi jingine.

Alichokijua kuhusu baba yake kilikuwa kidogo. Bibi yangu alikuwa mtumishi katika nyumba ya meneja, kwenye shamba la kahawa huko milima ya Usambara. Meneja alikuwa Mjerumani. Wafanyakazi walimwita Bwana Mrefu, na bibi naye alimwita hivyo hivyo, kwa kuwa mtumishi hakuwa na ruhusa wala sababu ya kujua jina jingine la bwana wake. Mama alizaliwa mwaka wa nzige. Bibi alikufa mama hajang'oa hata meno ya utoto, mjomba wake akamchukua Tanga mjini, akamlea, akampa jina lake liwe la baba. Shamba, Bwana Mrefu, mwaka wa nzige. Basi.

Ushahidi mwingine ulikuwa mwili wake. Mama alikuwa na macho ya kijivu na kimo cha kuwapita wanaume wengi wa mtaa wetu. "Urefu huu nimeutoa wapi?" alikuwa akiuliza kila anapoinama kuingia jikoni. Watoto wenzake walimwita mwana wa Mjerumani walipomtania, na chotara walipogombana naye. Wahenga walisema mwana kidonda, mjukuu kovu. Mimi ni hilo kovu, na nakiri kwamba kabla ya simu ile halikuwa likiniwasha.

Nilitafuta. Nilikwenda kwenye makanisa yao, nikaenda kwenye nyumba wanakotunzwa wazee wao, nikawauliza wateja wangu wenye majina ya Kijerumani huku nikipima madirisha yao. Wengi walikuwa watu wa adabu. Walinipa chai, wakanisimulia koo zao vizazi vitano, sita, mpaka kijiji alikozaliwa babu wa babu na kazi aliyoifanya, mwokaji mikate au fundi seremala. Mtu anakaa Johannesburg na anakijua kisima alichochotea maji nyanya yake Ujerumani. Hakuna aliyemjua Bwana Mrefu. Mtafuta hachoki, husema wenye subira, akichoka keshapata. Mimi nilichoka mapema na sikuwa nimepata kitu.

Binti yangu alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, lakini hujibu kwa Kiingereza au Kizulu. Jioni moja alikusanya Kiswahili chote alichokuwa nacho, akaniuliza, "Eish, mama, kwa nini wewe natafuta watu hawajatafuta wewe?" Nikamwambia akaoshe vyombo.

Mwaka uliofuata, kabla ya Krismasi, nilipata meza kwenye mnada wa hisani wa Wajerumani. Nilitundika aproni nilizozishona kwa kanga. Akaja mzee mmoja, mfupi, mwenye mkongojo na kaptula ya kaki, akasimama mbele yangu akinyooshea kidole aproni ya juu.

"Lete hii," akasema. "Upesi."

Sikumpenda. Miaka yote niliyokaa mji ule hakuna mzungu aliyewahi kunisemesha Kiswahili, na huyu wa kwanza ananiamrisha. Nikamjibu kwamba kwetu mtu huanza na salamu. Alinitazama kwa furaha, na nikaona wazi kwamba hakuelewa. Kiswahili chake, nilikuja kujua, kilikuwa cha mtoto aliyelelewa na watumishi: alizijua amri alizozisikia kwa wazazi wake, lete, ondoa, funga mlango, na maneno aliyobembelezewa na yaya, lala mwanangu, usilie, mama anakuja. Katikati hapakuwa na kitu. Hakujua kusema samahani.

Mengine alinieleza kwa Kiingereza. Alizaliwa milima ya Usambara. Vita vilipoanza Waingereza waliwakamata, yeye akiwa na miaka mitano au sita, na baada ya kambi baba yake akawaleta huku. Nikamuuliza shamba gani. Alipolitaja nilikaa chini kwenye kiti changu. Nikamuuliza wafanyakazi walimwitaje baba yake.

"Bwana Mrefu," akasema, na kwa mara ya kwanza akalitamka neno la Kiswahili bila kuamrisha.

Aliishi Turffontein, upande wa uwanja wa mbio za farasi, kwenye nyumba ambayo rangi yake ilikuwa imebanduka. Mke alikuwa amekufa. Alikuwa na binti mmoja, mzaliwa wa hapa, na mjukuu aliyehamia ng'ambo. Nilianza kwenda Jumapili. Nilimpikia mchuzi wa nazi, akala akitokwa na kamasi na kusema, "Leta ingine." Nikaanza kumwita mjomba. Nilimweleza habari za mama kwa hofu, nikitazamia anifukuze, lakini alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mama ana umri gani. Nikasema mwaka wa nzige. Akapiga meza kwa kiganja. Yeye pia wazazi wake walimwambia alizaliwa zama za nzige.

Ukutani kwake kulikuwa na mchoro wa ukoo ndani ya fremu, mti wenye shina na matawi, uliochorwa na babu yake na kuongezwa na baba yake. Kila tawi lilikuwa na jina na mwaka, kwa wino mweusi. Aliitoa karatasi ile kwenye fremu, akaiweka mezani, akachonga penseli kwa kisu. Juu ya jina la baba yake, pembeni mwa jina lake mwenyewe, akachora kitawi na kuandika jina la mama yangu, herufi moja moja, nikimtajia.

"Penseli kwanza," akasema. "Wino, baada ya ushahidi."

Nililia, sioni aibu kusema. Mama yangu, mwanamke wa kuuza maandazi Tanga, alikuwa ananing'inia juu ya waokaji mikate na maseremala wa Ujerumani.

Tulimpigia mama pale pale. Wazee wawili hawakuwa na lugha ya kutosha kuzungumza, lakini mzee alimwita dada, na akamwambia, "Usilie, usilie," ambalo kwa bahati alilijua. Mama alipika ubwabwa, akaita majirani, akasomewa dua ya shukrani. Watu wa mtaani waliambiwa kwamba mwana wa Mjerumani kapata kaka. Lile swali lake hakuliuliza siku hiyo. Aliniambia baadaye kwamba aliona haya. "Muulize wewe," alisema. "Utanijibu ukishajua."

Mimi nami niliahirisha. Nilijipa sababu: mzee anaumwa goti, mzee ana mafua, leo amefurahi nisimharibie. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Aliyeharibu mambo ni yeye mwenyewe na wino wake. Hakupenda jina la mama likae kwa penseli, lilimkera kama pazia lisilopindwa linavyonikera mimi. Jumapili moja nilimkuta ameshatoa albamu zote kabatini. Alitaka picha za zama za nzige, aone kama bibi yangu yumo, ili aandike. Akafungua ukurasa, akanionyesha baba yake barazani, katikati ya wafanyakazi wa nyumbani.

Baba yake alikuwa mfupi. Kofia yake iliwafikia wapishi mabegani.

Nilidhani ni mtu mwingine. Nikamuuliza Bwana Mrefu yuko wapi, akacheka. Akasema kila meneja aliyeingia nyumba ile aliitwa Bwana Mrefu. Wa kwanza ndiye aliyekuwa mrefu kweli. Alipoondoka, wafanyakazi waliona hakuna haja ya kusumbuka na jina jipya, wakamwita hivyo hivyo aliyemfuata, kisha baba yake aliyekuwa wa tatu. Baba yake alilifanya kichekesho cha mezani maisha yake yote.

"Hao wengine walikuwa nani?" nikauliza.

Hakujua. Nzige walikuja miaka kadhaa mfululizo, na ndani ya miaka hiyo hiyo mameneja walipokezana nyumba ile. Wa pili alikuwa mlevi, alikufa kwa homa au kwa pombe. Yule mrefu alikwenda zake, pengine alirudi Ujerumani, pengine hapana. Aliacha stoo jozi ya viatu vya mvua, vikubwa mno, hakuna aliyeweza kuvivaa. Mama wa mzee huyu alipanda maua ndani yavyo. Jina la huyo mrefu nyumbani kwa mzee hawakuwahi kulitaja. Walimwita yule aliyetangulia.

Nikaona ni heri niulize lote kwa pamoja. Nikamuuliza kama baba yake aliwahi kumtaja mtoto yeyote aliyebaki kule. Msichana, wa mpishi, wa mtumishi, wa yeyote yule.

Alifikiri kwa uaminifu, hilo namkubalia. Akasema hapana. Usambara baba yake aliitaja kila siku, mpaka anakufa: baridi ya asubuhi, kahawa, na mbwa. Walikuwa na mbwa wanne, waliwaacha barazani siku walipopakiwa kwenye lori. Baba yake aliwalilia. Kila Krismasi alisimama na glasi mkononi akawataja mmoja mmoja kwa majina. Mzee mwenyewe akaanza kuwataja, na machozi yakamtoka, na mimi nikampa kitambaa changu.

Niliporudi mara nyingine mti ulikuwa umerudi ukutani. Pale alipokuwa mama palikuwa na doa la kijivu, la kifutio. Hatukulizungumzia. Nilimwita mzee, siyo mjomba, naye alinitazama kama mtu aliyesahau kitu, lakini hakuuliza.

Binti yangu ndiye aliyenitajia vipimo vya mate vinavyoonyesha damu ya mtu. Nikamfuata binti wa mzee, ambaye wakati huo alikuwa akifungasha vyombo vya baba yake. Alikuwa mwanamke aliyechoka, mwenye funguo nyingi mkononi. Akaniuliza tunataka nini hasa kwa baba yake. Nikamwambia hatutaki nyumba, hatutaki kitu, mama yangu ana swali. Akasema baba yake ni mzee na hatatema mate kwenye kichupa cha mtu yeyote. Wiki ile akampeleka kwake Cape Town, na namba ya simu ikawa haipatikani. Simlaumu sana. Ningekuwa na mti wa namna ile ukutani, labda na mimi ningesimama mlangoni.

Nilimweleza mama yote. Binti yangu alinishauri niongope, na ningeweza, mama asingejua. Lakini mtu aliyesubiri tangu utotoni hujui utamdanganya vipi. Nilimweleza habari za mabwana watatu, viatu, picha. Nikasikia jogoo wa jirani yake akiwika kwenye simu.

"Kwa hiyo anaweza kuwa yeyote," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na huyu wao wa tatu, hakuuliza."

"Hakuuliza. Aliwataja mbwa."

"Mbwa gani?"

"Mbwa wake. Waliobaki."

"Walikuwa na majina?"

Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nayakumbuka. Nilikuwa nayakumbuka, na aliponiambia nimtajie, nikamtajia yote manne. Aliyarudia nyuma yangu polepole, kwa matamshi ya Tanga, akiyakosea. Kisha akasema maandazi yanaungua, akakata simu. Swali lake hakulirudia tena.

Alikufa 2019. Kibali changu cha kukaa kilikuwa kimekwisha na kipya hakijatoka, kwa hiyo ningevuka mpaka nisingerudi kwa binti yangu. Na hata ningekuwa nacho, kwetu maiti haisubiri ndege. Nilikwenda mtaa wa Mayfair, hapa hapa Johannesburg, kwa taksi, nikaketi upande wa wanawake msikitini, na mdogo wangu aliyeko Tanga akaninyooshea simu yake kaburini ili nisikie. Nilisikia majembe. Nikasikia sheikh akisoma talkini, anamkumbusha maiti majibu ya maswali ya kaburini. Katika talkini ya kwetu maiti huitwa kwa jina la mama yake, hata awe mwana wa sultani. Sheikh akamwita mama yangu, binti wa yule mtumishi wa nyumba ya meneja, akaendelea na dua.

Jina la baba yake hakuna aliyeliulizia.