Nimemtaja Muuaji Mbele ya Kaka Elia

Jamani, leo mdomo wangu umeniponza.

Tulikuwa Zhongda, soko la vitambaa la Guangzhou huku China, ndani ya duka moja, tunamsubiri laoban, yaani bosi wa duka, atukatie sampuli. Pembeni yangu kakaa Kaka Elia, mfanyabiashara mwenzetu wa Mwanza. Anasoma riwaya.

Natupia jicho jalada. London ya kufikirika ya enzi za wafalme, meli za mvuke zinapaa angani, na mpelelezi wa kike anamsaka aliyemuua fundi saa.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote!

Nikaropoka, "Kaka, hicho kitabu! Nilipojua muuaji ni dada yake fundi saa, nililia!"



Akakifunga taratibu.

"Tunakisoma pamoja na mama Joy," akasema. "Yeye nyumbani, mimi huku. Tukimaliza sura tunapigiana simu, tunabishana. Mimi ndiye ninayemtetea huyo dada."

Nikaomba radhi mpaka nikaishiwa maneno.

"Usijali, dada yangu," akasema. Lakini kitabu hakukifungua tena.

Mara simu yake ikaita. Mama Joy huyo, ana furaha mpaka mimi namsikia: "Baba Joy, bado unasema dada mtu hana hatia?"

Kaka Elia akanitazama. Mimi nikatazama sakafu.

"Hana hatia kabisa," akamjibu mkewe, akajilazimisha kucheka. "Muuaji ni rubani wa ile meli. Haya, bisha!"

Wakabishana hadi laoban akaja.

Jamani, raha ya kutojua mwisho unamrudishiaje mtu?