Nilipojitoa Kwenye Kundi la Wazazi

Habari za shule nilikuwa nikizisoma asubuhi kabla ya chai, nimesimama. Ni mazoea ya kazi. Nilikuwa polisi, na kambini amri za siku zilibandikwa kwenye ubao nje ya ofisi, hakuna aliyekuletea kiti uzisome. Sasa zilikuja kwenye simu, katika kundi la wazazi wa kidato cha kwanza. Binti yangu ndiye aliyeniingiza humo kabla ya kupanda ndege kwenda kufanya kazi Uarabuni. Mwanawe wa kike alikuwa ameanza shule ya bweni, nje kidogo ya jiji, ukishaipita Kawempe, na mtu wa kumtazama hapa Kampala nilikuwa mimi peke yangu.

Kundi lilikuwa na kelele. Sweta mpya ni za kijani, si za bluu. Mtihani wa katikati ya muhula umesogezwa. Mzazi aliyebeba kwa bahati mbaya hotpoti yenye kifuniko chekundu, tafadhali airudishe. Msiwaletee watoto samaki, harufu haitoki bwenini. Chini ya kila tangazo zilifuata asante mwalimu, asante mwalimu, mpaka kidole kichoke kusogeza. Nililalamika, lakini nilisoma zote. Niliijua ratiba ya shule ile kuliko mjukuu wangu mwenyewe.

Mwalimu wa darasa aliandika kwa Kiingereza, na wazazi wakajibu kwa Kiganda. Kiingereza nakisoma bila shida, sekondari nilimaliza. Kiganda nakisikia chote, ila kukiandika siwezi. Lugha yangu ni Kiswahili. Nilizaliwa katika nyumba za polisi, baba mtu wa kaskazini, mama wa ukoo wa Kinubi, na jirani kila mlango alikuwa na lugha yake. Kiswahili ndicho kilichotuwezesha kuombana chumvi.

Basi siku moja mwalimu alitangaza kwamba siku ya kutembelea watoto, wanafunzi wa Kiswahili wataonyesha walichojifunza, na akaomba wazazi wanaoijua lugha hiyo wawatie moyo. Nilifurahi. Nilikaa chini, kwa mara ya kwanza, nikaandika ujumbe mrefu wa Kiswahili. Niliwasalimu wazazi wenzangu, nikaeleza kwamba lugha hii ni ya Waganda pia, kwamba inavuka mipaka yote inayotuzunguka, kwamba watoto wetu watauza na kununua nayo. Nikausoma mara mbili, nikaurusha.

Jibu la kwanza lilikuja haraka, mzaha wa watu ambao Kiswahili kwao ni lugha ya askari. "Afande, sisi tumeshaweka mikono juu."

La pili: "Jamani, leo kuna msako kwenye kundi?"

La tatu lilitoka kwa mama mmoja, akiniita babu kwa Kiganda: "Jaja, mimi nimelala chini tayari, usipige!"

Kisha vikafuata vile vichwa vya manjano vinavyocheka mpaka machozi, safu kwa safu. Mwalimu aliandika, "Asante sana mzee, maneno mazuri," lakini ujumbe wake ulikuwa mmoja katikati ya vicheko, na mimi nilikuwa nikihesabu vicheko tu. Nikatafuta mahali pa kutokea, nikabonyeza. Simu ikawatangazia wote kwamba nimetoka.

Nitasema ukweli wa nilichotarajia. Kambini mtu akiondoka kwenye gwaride kwa hasira, hutumwa mwenzake kumfuata. Atamtukana njiani, atamcheka, lakini atamrudisha. Mimi nilikaa na simu mezani nikimsubiri huyo aliyetumwa. Hakuja. Kundi lilikuwa na watu wengi kupita kiasi, na kila mmoja nadhani alifikiri ni kazi ya mwingine, au hakufikiri kabisa.

Aliyekuja alikuwa jirani yangu wa chini, hapa Bukoto, anayeuza nyanya na makaa mbele ya jengo letu. Tunamwita Nalongo, kama anavyoitwa kwa heshima kila mama aliyezaa mapacha. Mmoja wa mapacha wake anasoma darasa moja na mjukuu wangu. Alinikuta kwenye ngazi.

"Afande, umetutoroka?"

"Sijamtoroka mtu."

"Wale wanacheza tu. Hata mimi wananiita waziri wa makaa. Nikuambie habari za shule zikija?"

"Habari zote ninazo, Nalongo. Usijisumbue."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye nyanya zake. Alinifungulia njia ya kurudi, nikaifunga mwenyewe. Nilikuwa na uhakika. Siku ya kutembelea ilikuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi, tangazo nilikuwa nimeliona kwa macho yangu, na kwa mtu wa umri wangu amri iliyokwisha kubandikwa imebandikwa.

Jumamosi asubuhi nilifunga mlango nikaenda soko la Kalerwe kununua kuku, nikamchagua mwenyewe, nikampika. Nilikanda unga wa gurusa, ule mkate mwembamba wa Kinubi ambao marehemu mke wangu alikuwa akiupika kwenye bati la moto. Wa kwangu hutoka na mashimo, lakini mjukuu wangu huupenda hivyohivyo. Niliufunika kwa kawa ya rangi aliyoisuka mke wangu, nikavaa shati nililonyoosha, nikachukua boda Jumapili mapema. Mlango wa Nalongo ulikuwa umefungwa. Nikajisifu kwamba nimemtangulia.

Nje ya geti la shule kila siku ya kutembelea huwa kuna magari yamepangana hadi barabarani, wauza juisi, wauza maua ya plastiki, akina mama wenye mikeka kichwani. Jumapili ile palikuwa na mbuzi mmoja na askari wa geti kwenye kigoda chake.

"Shikamoo, afande," akasema. Watu wa kazi hutambuana.

"Marahaba. Nimekuja kumwona mtoto."

"Mzee, watu walikuja jana."

"Jana ilikuwa Jumamosi."

"Ndiyo hiyo. Walibadilisha. Leo kuna watu wa kanisa wamechukua uwanja. Wazazi wote waliambiwa kwa simu." Akaitazama kawa yangu. "Wewe hukuambiwa?"

Nilisimama pale na kuku wangu. Nilimwomba aniite mwalimu, akasema leo hakuna kuingia. Sikubishana naye. Mimi mwenyewe nimesimama kwenye mageti miaka mingi nikiwaambia watu maneno hayohayo, wengine wakilia, na sikuwahi kuuliza wametoka wapi. Nilirudi hatua mbili nikakaa kwenye jiwe. Labda hilo ndilo lililomlegeza. Aliingia ndani, akarudi na matroni, na nyuma ya matroni mjukuu wangu, katika sweta ya kijani.

"Dakika chache tu, mzee," matroni akasema, akasogea pembeni.

Mtoto alipiga goti kidogo, akanisalimu. Hakuwa na machozi. Afadhali angekuwa nayo.

"Babu, jana nilikuwekea kiti. Mstari wa mbele."

"Simu yangu iliharibika, mama. Sikupata habari."

Alikuwa akiitazama kawa ya bibi yake.

"Mama wa rafiki yangu ameniambia ulikasirika ukatoka kwenye kundi. Jana asubuhi aliona mlango wako umefungwa, akasema, babu yako hajawahi kuchelewa mahali, lazima ameshafika. Tukakungoja."

Nikasema, "Ni kweli. Nilitoka. Simu haikuharibika." Nilisema hivyo kwa sababu tayari alikuwa anajua, kwa hiyo sijipi sifa yoyote.

Akanieleza yaliyotokea, kwa utulivu, kama mtu anayetoa taarifa. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amemchagua yeye kuwakaribisha wazazi. Alijitolea mwenyewe, akamwambia mwalimu kwamba nyumbani kwao Kiswahili ni cha kila siku, na kwamba akikwama atamtazama babu yake, na babu atamwongoza kwa midomo. Alikwama kwenye sentensi ya pili. Akatazama mstari wa mbele, kiti kilikuwa kitupu. Mzazi mmoja akapaza sauti, "Afande, mikono juu!" na hema zima la wazazi likacheka.

"Ukafanyaje?"

"Nikangoja wamalize kucheka. Halafu nikarudia kutoka mwanzo."

Nilimfunulia chakula. Askari akageuza uso kutazama barabara, akasema kwa sauti kwamba yeye leo haoni vizuri. Lakini mtoto akatikisa kichwa. "Nimeshiba, Babu. Jana nilikula na watu wa Nalongo." Akapiga goti tena, akaenda. Chakula nilimwachia askari. Kawa nikaibeba tupu hadi nyumbani.

Jioni binti yangu alipiga simu kutoka kule Uarabuni. Alikuwa ameshazungumza na mtoto kupitia simu ya matroni.

"Baba, anasema usisumbuke tena muhula huu. Siku za wageni atakaa na familia ya rafiki yake."

"Amekasirika?"

"Hapana. Hiyo ndiyo imeniogopesha. Kasema hivyo tu, vizuri. Hata mimi nilikuwa hivyo, Baba. Ulipokuwa huji shuleni kwetu, nililia mara ya kwanza. Baadaye niliacha kukuambia siku."

Nilimwambia nimesikia. Miaka ile nilikuwa na kisingizio cha zamu, na zamu nyingine nilizichukua mwenyewe kwa sababu kusimama barabarani kulikuwa rahisi kuliko kukaa kwenye kiti kidogo cha shule nikiulizwa na mwalimu mtoto anapenda nini. Safari hii sikuwa na zamu. Nilikuwa na chakula, na nauli, na siku nzima.

Nilishuka kwa Nalongo nikamwomba anirudishe kwenye kundi. Akacheka.

"Mimi sina uwezo huo, Afande. Anayeingiza watu ni yule wa mikono juu. Ndiye mwenyekiti."

"Yule yule?"

"Yule yule. Na hema lile lilicheka kwa ajili yake. Nikupe namba, au unapenda kungoja atume gari?"

Nilikaa na ile namba mpaka chai ikapoa. Kisha nikapiga. Ni fundi wa vyuma huko Katwe, nyuma ya sauti yake nyundo zilikuwa zikigonga. Nilipojitambulisha, alipiga kelele ya furaha.

"Afande! Mimi nilifikiri umebadilisha namba! Kumbe ulikasirika?"

"Nilikasirika. Na jana ulimcheka mjukuu wangu."

Nyundo zikaendelea.

"Yule mtoto ni wako?" akauliza. "Sikujua, mzee. Wallahi sikujua." Kisha akaanza kusema kwa Kiswahili, polepole, kibovu, lakini Kiswahili. "Sikia. Baba yangu walimtoa nyumbani watu wa hiyo lugha. Mimi mtoto, chini ya kitanda. Nilisikia simama, kaa chini, toa. Maneno hayo tu nilijua mpaka nikawa mkubwa. Nikisikia mtu anaongea, lazima nicheke kwanza. Nisipocheka..."

Sikumuuliza ilikuwa mwaka gani wala walikuwa askari gani. Niliogopa atanitajia mtaa ninaoujua. Simama, kaa chini, toa kitambulisho: nimeyasema maneno hayo kwenye vizuizi vya barabara kwa watu wasiojua neno jingine la lugha yangu. Nyumbani niliitumia kuombea chumvi, na nje niliivaa pamoja na kofia. Halafu nikawaandikia wazazi ujumbe mrefu kuhusu uzuri wake, nikashangaa walipocheka.

"Pole kwa baba yako," nikasema.

"Na mimi pole kwa mtoto. Ngoja nikurudishe."

Simu ikalia kabla sijaiweka chini. Nimeingizwa. Mtu akaandika, "Afande amerudi, fungueni geti." Safari hii niliwaacha wacheke.

Tangazo la siku ya michezo lilikuja wiki chache baadaye. Likabadilishwa, likabadilishwa tena kwa sababu ya mvua. Kila mara niliandika kwa Kiswahili, "Nimeona. Nitakuja." Nalongo nilimwuliza pia kwenye ngazi, ili nisikie kwa masikio. Kwa mjukuu wangu sikutuma ahadi yoyote. Niliona ahadi zangu zimeshamtosha.

Nilifika mapema, uwanja bado unachorwa chokaa. Viti vya wazazi vilikuwa na majina ya watoto kwenye karatasi zilizobandikwa, kila mtoto aliandika cha mgeni wake. Nikapita mstari kwa mstari na kawa yangu mkononi. Changu hakikuwepo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, na bado liliniuma. Nikaenda kusimama kando ya kamba, karibu na mahali pa kuanzia mbio.

Aliniona alipokuwa akijipanga na wenzake. Hakupunga mkono. Alikimbia, akawa wa nne au wa tano, akaenda kunywa maji. Jua lilipanda. Fundi wa Katwe alikuja kunisalimu, akanipa mkono kwa mikono yake miwili, akarudi kwa watu wake. Niliendelea kusimama. Kazi hiyo naiweza.

Kisha nikaguswa mgongoni. Mjukuu wangu alikuwa amebeba kiti cha plastiki kichwani, miguu ya kiti juu, na yeye ana vumbi jekundu mpaka magotini. Akakishusha, akakifuta kwa mkono wa sweta.

"Kaa chini, Babu," akasema. "Umewazibia watu."

Nikakaa. Yeye akachuchumaa kwenye nyasi kando yangu, akainua kawa kidogo kuona kilichomo.