Gato ya Karanga Iliyomwagiwa Heshima

Admin, ficha jina langu, lakini maneno yangu usiyapunguze ukali. Wanaohusika wamo humu ndani, watajijua, na wasome hadi mwisho.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minane, niko Uvira, nimeolewa katika ukoo wa wafanyabiashara Waislamu waliokaa kando ya ziwa hili tangu enzi za mababu. Napenda kusoma na napenda kubishana. Mume wangu husema ningezaliwa mwanamume ningekuwa wakili au mfungwa. Tunaishi mtaa wa Songo pamoja na mama yake, ninayemwita Mama, ambaye ana kisukari. Yule bibi ndiye aliyenifanya nianze kupika vitamu visivyo na sukari, na vitamu hivyo ndivyo vilivyonifikisha kwenu leo.

Mama alikuwa ameacha kwenda sherehe. Wenzake wanakula, yeye anakaa na glasi ya maji kama mtoto aliyeadhibiwa. Anayeona huruma humsukumia soda: "Kunywa tu, bibi, siku moja haiue muntu." Wengine wananiambia nitumie asali kwa sababu ni ya asili. Jamani, asali ni sukari iliyovaa kanzu! Nikajifundisha mwenyewe. Karanga zilizokaangwa kidogo na kusagwa, mayai mengi, mdalasini, ganda la limau lililokwaruzwa, na kipande kidogo cha ndizi mbivu cha kubembeleza ulimi. Naoka kwa makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Gato ya kwanza, keki kwa wengine wenu, ilikuwa ngumu, Mama akaigonga kwa kidole akaniuliza, "Hii ni ya kukula ao ya kujengea?" Tukacheka, nikarudia, nikarudia tena, mpaka ikawa laini. Kila mara tulipima damu yake kabla na baada ya kula. Ile mashini ndogo Mama anaiita mutu wa duane, yaani afisa wa forodha, maana hapiti bila kupekuliwa nayo. Tukajua kipande chake ni cha ukubwa gani, na Mama akarudi kwenye sherehe, amevaa vizuri, ana sahani yake kama watu.

Sasa sikilizeni. Binti wa wifi yangu alikuja kutolewa mahari, wageni wa upande wa bwana harusi wanatoka Luvungi. Asubuhi nikapeleka gato yangu jikoni kwa wifi, nikamwambia mbele ya macho yake, hii ni ya Mama. Nikarudi nyumbani kumvalisha Mama, nikamleta, kisha nikasimama mlangoni kupokea wageni. Niliporudi ndani Mama alikuwa amemaliza kipande na ameomba kingine, tena kikubwa, na hicho nacho kilikuwa kimebaki makombo. Nikagusa sahani. Ikanata. Gato yangu hainati. Nikalamba kidole, nikaenda jikoni mbio.

"Wifi, umeweka nini ku gato ya Mama?"

Hata hakuona haya. "Minye nimeipatia heshima kidogo, nimeimwangia sukari ya kuchemsha. Bale bageni bakule gato kavu? Batasema hatuna hata sukari mu nyumba!"

"Si ya wageni! Ni ya mgonjwa!"

"Weye na vitabu vyako! Unataka kila muntu ajue mama yetu iko mugonjwa?"

Magharibi haikufika, Mama alikuwa anaomba maji juu ya maji, kisha akaanza kutapika. Tukampeleka hospitali. Alikaa huko siku kadhaa, na mimi nilikuwa miguuni pake nikiomba Mungu asinichukulie rafiki. Alipona, Alhamdulillahi. Lakini tulipotoka, ukoo ulikuwa umeshatoa hukumu: gato ya mkamwana msomi imetaka kumuua Mama. Wifi alikaa katika kikao cha ukoo akiangalia kucha zake kama vile ile sukari si yake. Wakaamua nisiguse chombo cha jikoni siku ya harusi mpaka nitakapoomba msamaha mbele ya wazee.

Nilikuwa nimefungua mdomo kutaja jina. Mama akanishika mkono, akaomba nimpeleke chumbani. Huko nikamuuliza, "Mama, kwani hukusikia sukari?"

Akasema, "Nilisikia, binti yangu. Nikawaza leo umenihurumia. Nilijua mukono wako hauwezi kuniletea mubaya, nikaongeza."

Nililia kama mjinga. Halafu akaniomba nisimwaibishe binti yake, kwa sababu harusi itavunjika na wale wa Luvungi watasema bibi harusi anatoka kwa watu wanaolishana sumu.

Kwa hiyo nimekwama. Nikinyamaza, mimi ndiye muuaji, na Mama atarudi kwenye glasi yake ya maji, maana hakuna atakayethubutu tena kumpa kitu changu. Nikisema, namvunja Mama aliyeniamini hata alipoonja sukari. Kuomba msamaha siombi, hilo lisiwe ushauri wa mtu yeyote. Siombi radhi kwa kosa la mtu aliyeona aibu ya wageni ni kubwa kuliko uhai wa mama yake mzazi. Na asinishauri mtu niache kupika. Karanga nimeshanunua, zimo ndani. Siku ya harusi nitakaa kando ya Mama, gato iko mapajani mwangu ndani ya bakuli lenye kifuniko, na atakayetaka kuipa heshima aje tuonane uso kwa uso.

Lakini wataniuliza, mbele ya wote, kwa nini nimekumbatia bakuli. Ndugu zangu, nijibu nini? Nimtaje wifi, au niwaache wanione muuaji mpaka lini? Nishaurini.