Mwanamke wa Tisa Kwenye Foleni

Katika jumba la utamaduni la Wapolandi, mtaa wa Jackowo, Chicago, hakuna anayeingia ukumbini na koti lake. Koti linavuliwa mlangoni, linakabidhiwa dirishani, na mwenyewe anapewa kibati chenye namba. Vijana waliozaliwa Marekani huona ni usumbufu. Wazee wao huona ni ustaarabu, na mtu akikaa na koti begani wakati wa onyesho humtazama kana kwamba ameingia kujikinga na mvua tu.

Kwa miaka kumi na miwili mtu wa dirisha hilo alikuwa Otylia Gawron, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na mitano, miwani yake ikining'inia shingoni kwa uzi. Siku za kazi alisafisha nyumba za watu. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa nane mchana, ilikuwa siku ya filamu, na Otylia alipokea makoti. Filamu zenyewe alizijua kwa masikio. Mlango wa ukumbi ulikuwa hatua sita kutoka dirishani kwake, na aliweza kukwambia ipi ina harusi, ipi ina vita na ipi inaishia kwa mtu kulia peke yake, bila kuwahi kuona uso hata mmoja.

"Zote zinaishia kwa mtu kulia peke yake," alikuwa akisema Leokadia, rafiki yake aliyeuza kahawa na maandazi ya jamu pale kwenye ujia. "Tofauti ni kama amelewa au hajalewa."

Mwezi wa Januari, mwaka 2014, mwenyekiti wa jumba, Ksawery Drabik, alibandika ukutani tangazo la filamu ya Februari. Otylia alikuwa anapita na mfuko wa taka. Alisimama, akavaa miwani. Kwenye tangazo palikuwa na picha isiyo na rangi: uwanja mdogo wa mji, duka lenye mlango wa chuma uliofungwa, ngazi za duka la dawa. Ngazi ya nne ilikuwa imevunjika upande wa kulia. Aliwahi kuanguka pale akiwa na miaka sita.

"Huu ni Olszyniec," alisema. "Huu ni mji wetu."

Leokadia alikuja na kikombe mkononi. "Una hakika? Huko kwetu kila mji una duka lililofungwa."

"Mama yangu yumo humu ndani," Otylia akasema.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mnamo Oktoba 1979 watengeneza filamu walifika Olszyniec wakitaka kupiga picha ya foleni. Walikuja na waigizaji wanane kutoka mji wa Wrocław, wakawapanga asubuhi mbele ya duka la nyama, kisha wakaanza kuhangaika na kamera zao. Walisahau wako nchi gani. Siku zile za uhaba, watu wakipanga foleni kwa kila kitu, mtu hakuuliza kwanza; alishika nafasi, halafu ndipo akauliza, kwa sababu aliyeanza kwa kuuliza alijikuta nyuma ya watu ishirini. Kabla kamera haijakaa sawa, mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na kikapu cha kamba alijiunga nyuma ya mwigizaji wa nane. Nyuma yake akaja mwingine. Ilipofika saa tatu walikuwa zaidi ya arobaini, na mwongozaji, badala ya kuwafukuza, aliamuru kamera zianze kazi.

Yule mwanamke wa tisa alikuwa Genowefa Gawron. Alisimama saa mbili nzima, akarudi nyumbani na kikapu kitupu.

Mumewe alicheka mpaka akapaliwa. Mwanawe Zenon aligeuza jambo hilo kuwa mzaha wa kila sikukuu ya jina, siku ya mtakatifu ambaye mtu amepewa jina lake. "Mama, kanisani kuna watu wamesimama wamefuatana, nenda kaone wanatoa nini!" Na Genowefa alikuwa akijibu, "Cheka, cheka," na kuendelea kupakua supu. Otylia hakucheka. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, anasomea ualimu mjini Opole, na wanafunzi wenzake walikuwa wamesikia kisa hicho. Jumapili moja, wawili tu jikoni, alimwambia mama yake: "Unatuaibisha, Mama. Mji mzima unakusema." Genowefa alifuta mikono yake kwa aproni, akatoka kwenda kulisha kuku.

Filamu haikuwapendeza wakubwa wa serikali, ikafungiwa kabatini miaka kumi. Ilipotolewa mwaka 1989, Otylia alikuwa na mwaka wa tatu Chicago na viza ya utalii iliyokwisha muda zamani. Zenon aliiona sinema huko nyumbani, akampigia simu. "Yumo, Otylka! Anauliza wanatoa nini, na ukumbi wote unaangua kicheko." Genowefa alifariki mwaka 1992. Otylia bado hakuwa na karatasi za ukaazi. Mtu wa hali yake akitoka, harudi. Alihudhuria matanga kwa simu: Zenon aliinua mkono wa simu kuelekea chumbani walikokuwa wakiimba akina mama, na Otylia akasikiliza, amesimama katika jiko la watu, glavu za mpira mikononi.

Mwaka 1997 mafuriko yaliingia nyumbani kwa Zenon mpaka madirishani, yakaichukua droo ya picha. Zenon naye alikufa mwaka 2009. Kilichobaki kwa Otylia ni picha ya kitambulisho cha basi, ndogo kama ukucha wa dole gumba, yenye muhuri juu ya kidevu. Sura ya mama yake aliikumbuka vipandevipande: leo nyusi, kesho mashavu. Kuviunganisha ndiko kulikomshinda.

Alimfuata mwenyekiti ofisini kwake.

"Dirisha haliachwi, Bi Otylia," Ksawery alisema. "Umesahau koti la mbweha?"

Hakuna aliyelisahau. Miaka miwili nyuma Otylia alikwenda msalani dakika tatu, na mwanamke mmoja akajichukulia koti la manyoya ya mbweha lililokuwa la mwenzake. Mpaka leo familia hizo mbili haziketi upande mmoja kanisani.

"Miaka kumi na miwili, Bwana Mwenyekiti, sijaona filamu hata moja. Naomba hii tu."

"Si uichukue ukaitazame nyumbani?"

"Ipo ya kuchukua?"

Ksawery alikuna sikio. Haikuwapo. Nakala ingekuja kutoka Warszawa kwa onyesho moja, na Jumatatu ingerudishwa.

"Nitakaa mimi dirishani," Leokadia alisema kutoka mlangoni. Hakuna aliyemwona akifika.

"Na kahawa atauza nani?"

"Hakuna. Wamekunywa kahawa yangu miaka yote hiyo na hawajapona chochote. Siku moja hawatakufa."

"Ukimpa mtu koti lisilo lake—"

"Nitampa lako, Ksawery. Wewe baridi huisikii, una mafuta ya kutosha."

Mwenyekiti alimtazama Otylia, ambaye hakuwa anacheka. "Haya," alisema. "Lakini ukae karibu na mlango."

Jumapili ya Februari theluji ilifika magotini. Otylia alipokea makoti mia moja sitini na matatu, akayapanga kwa namba, kisha akampa Leokadia nafasi yake. Aliingia ukumbini taa zikizimwa, akaketi safu ya mwisho, kiti cha pembeni. Mikono yake haikuwa na cha kushika, akaiweka mapajani.

Mambo ya filamu yenyewe, mapenzi ya mhandisi na mke wa mkuu wa kiwanda, hayakumwingia akilini. Alikuwa anatazama yaliyo nyuma yao. Pampu ya maji. Uzio wa shule. Mbwa wa mwokaji mikate, aliyekuwa maarufu kwa kuuma watumishi wa posta tu, alipita kwenye kona ya picha, na Otylia akajikuta amelitamka jina lake kwa sauti. Mtu wa mbele aligeuka.

Halafu foleni ikaja. Waigizaji wanane walijulikana upesi: makoti yao yalikuwa yamechakaa kwa mpangilio. Kisha, kutoka kushoto, mwanamke mwenye kitambaa cha kichwa na kikapu cha kamba aliingia akitembea harakaharaka, akasimama nyuma ya mtu wa nane, akafungua kinywa.

"Wanatoa nini?" ilisema sauti.

Haikuwa yake. Filamu nyingi za siku zile ziliwekewa sauti baadaye, studioni, na studioni walimtafuta msichana fulani wa Warszawa mwenye Kipolandi kilichopigwa pasi.

"Tutajua tukifika," alijibu mwigizaji wa nane, naye kwa sauti ya kupachikwa.

Ukumbi uliangua kicheko, watu mia moja sitini na watatu ambao karibu wote wamewahi kusimama hivyo. Mwanamume wa mbele alirusha kichwa nyuma, akaziba nusu ya picha. Macho ya Otylia yakajaa, akayafuta, na alipoyafungua palikuwa pameingia mhandisi na mke wa watu.

Alitoka kwenye ujia.

"Umemwona?" Leokadia aliuliza.

"Nimemwona na sijamwona. Wamempa sauti ya mtu mwingine, shoga yangu."

"Ya nani?"

"Najua mimi? Binti wa mjini. Mama hakuwahi kusema maneno mawili bila kuyaburuta. Sisi kwetu tunayaburuta maneno kama gunia la viazi." Alivuta kiti, akaketi. "Miaka yote nasubiri, na watu wamecheka juu yake mbele yangu tena."

Leokadia alimsogezea kikombe. Alimmiminia kahawa.

Filamu ilipokwisha, Otylia alirudi dirishani na kugawa makoti, moja moja, bila kukosea. Watu walimshukuru, wakavaa, wakaondoka. Kisha akaenda kwa Radek, mwendesha mashine, kijana wa miaka thelathini aliyezaliwa hapohapo Chicago, ambaye alikuwa anaanza kukunja nyaya.

"Radek, ile sehemu ya foleni. Niwekee tena."

"Bi Otylia, saa kumi na moja watoto wa ngoma wanaingia."

"Sasa ni saa ngapi?"

Radek alitazama saa yake, akaacha nyaya. "Tuna dakika kumi. Ni dakika ya ngapi ile?"

"Ya thelathini na nane. Uzime sauti."

"Bila sauti?"

"Sauti yao sina kazi nayo."

Leokadia aliingia akasimama nyuma yao. Ukumbi ulikuwa mtupu, taa nusu zimewashwa. Foleni ikatokea tena, kimya. Genowefa aliingia kutoka kushoto, akashika nafasi, akauliza. Bila lile jibu la studioni kuziba masikio, sasa ilionekana wazi kwamba yule mwigizaji wa nane hakumjibu kwa maneno mawili. Aliongea kwa kirefu, mdomo wake ukienda na kwenda. Kisha akanyoosha kidevu kuonyesha kitu mbele yao, upande wa kamera.

Genowefa aligeuka. Alitazama moja kwa moja mahali aliposimama Otylia.

Mkono wake ulipanda kichwani, ukasukuma nywele chini ya kitambaa. Akalamba midomo. Akaugeuza ule upande wa kikapu wenye tundu uangalie ndani, kwenye sketi. Kisha akageuka mbele, kidevu juu, mgongo umenyooka, na shavuni mwake palikuwa na kicheko alichokizuia kisitoke.

"Rudisha," Otylia alisema.

Radek alirudisha. Akarudisha tena.

"Alijua," Otylia alisema.

"Alijua nini?" Leokadia akauliza.

"Kwamba dukani hamna kitu. Aliambiwa palepale. Tazama, anaambiwa! Alijua kuanzia mwanzo."

"Sasa alisimama saa mbili za nini?"

 Genowefa alikuwa na miaka arobaini na minane siku ile, na tangu harusi yake hakuna aliyempiga picha isipokuwa karani mwenye muhuri mkononi. Alisimama kwa sababu alitaka kupigwa picha. Halafu alirudi nyumbani, akawaacha mume na mwana wacheke sikukuu baada ya sikukuu, naye akapakua supu. Angeweza kusema siku yoyote. Angeweza kusema Jumapili ile jikoni. Alifuta mikono tu.

Baba alikwishakufa. Zenon alikwishakufa. Katika wale arobaini wa foleni, kama yupo aliyebaki, hakuwa mtu ambaye Otylia angejua namba yake ya simu.

Watoto wa ngoma walianza kuingia, viatu mikononi, wakinyamaza walipoona watu wazima wamesimama hivyo.

"Unaweza kuisimamisha?" Otylia aliuliza. "Hapo anapotazama."

Radek aliisimamisha. Otylia alitembea katikati ya viti mpaka mbele kabisa, lakini huko uso ulivunjika ukawa chembechembe za kijivu, hakuna nyusi, hakuna shavu. Alirudi nyuma taratibu, safu kwa safu, macho hayatoki kwenye pazia la sinema. Kwenye safu ya nne vipande vilikutana. Alisimama hapo.

"Umependeza, Mama," alisema, akiyaburuta maneno.

 Kisha akamwambia Radek anaweza kuzima.