Jasusi wa Mayai Viza

Kwetu Pasiansi mgeni hamalizi chai kabla hajasimuliwa habari za jasusi. Jasusi mwenyewe ni babu yake baba, na vita ni ile ya Mjerumani na Mwingereza. Baba ana miaka themanini na kitu, macho yamefifia, magoti yamegoma, lakini hadithi ile haijamchosha hata kidogo. Huanza kwa kusogeza kikombe cha mgeni katikati ya meza. Kikombe ni boma la Mjerumani. Bakuli la sukari ni Mwingereza, yuko ng'ambo ya ziwa. Kijiko ni babu.

Kijiko kinakwenda kwenye kikombe na tenga la kuku na mayai. Kinauza, kinasalimia, kinajifanya hakijui kitu. Kumbe kinahesabu bunduki. Kikitoka hapo kinafuata ufuko mpaka kwa Mwingereza, na kila yai viza lililobaki ndani ya tenga ni mzinga mmoja. Nilipokuwa mtoto mizinga ilikuwa mitatu. Nilipomaliza chuo cha ualimu ilikuwa imefika saba, na meli ya vita juu yake. Niliwahi kuuliza Mwingereza aliyajuaje mayai viza bila kuyavunja. Baba alinitazama kwa huruma, akasema ndiyo maana mimi ni mwalimu na siyo jasusi.

Nami, binti yake, nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu. Nimewakata wanafunzi alama kwa kuandika jambo lisilo na ushahidi, wengine mpaka wakalia, kisha jioni nikarudi nyumbani kula ugali na kuamini mayai viza. Sijitetei. Mganga hajigangi. Wakati mmoja tulikwenda Bujora kuona makumbusho, na baba akambana mtembeza wageni akitaka kujua kwa nini ngoma za watemi zimewekwa na habari za babu yake hazipo. Yule bwana aliahidi kuwauliza wakubwa. Baba alitoka pale ameridhika kabisa, aibu akatuachia sisi.

Mwaka huu ukoo uliamua kulijengea kaburi la babu kwa saruji na kuweka jiwe la marumaru. Baba, kwa kuwa ndiye mkubwa, alichagua maneno: jina, na chini yake “Jasusi wa Vita Kuu”. Mimi nikapewa kazi ya kuyapeleka kwa fundi, mwisho Ijumaa. Hapo ndipo ualimu uliponiamka. Kwenye chai mtu aseme atakalo, lakini jiwe litasomwa na watoto ambao hawajazaliwa bado, na hatutakuwepo kuwakonyeza. Nilitaka mtu mmoja tu, asiye wa familia, aniambie kwamba ni kweli.

Mtu huyo alikuwepo. Kirumba anaishi bibi mmoja Muha, ambaye baba yake alifanya kazi na babu kwenye kinu cha pamba. Wasukuma na Waha ni watani, na wale wawili walitaniana mpaka kifo kikawatenganisha. Nilipomwambia baba kwamba nakwenda kumwona bibi huyo, alikohoa. Akasema yule mama ni mtani, hasemi kweli hata ukimuuliza jina lake. Akasema pia jua ni kali. Maisha yangu yote sijawahi kumwona baba akijali jua.

Bibi nilimkuta barazani akichambua dagaa. Nikapiga goti nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akauliza tangu lini Wasukuma wameanza kuoga, maana nanukia sabuni. Nilimjibu kwamba tumeanza tangu Waha walipoacha kutuibia maji, akafurahi, akanisogezea kigoda. Nikamweleza habari ya kaburi na jiwe. Nilipofika kwenye neno jasusi aliweka ungo chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga.

“Mwanangu, ujasusi babu yenu alipewa na baba yangu,” alisema. “Siku ya mazishi yake.”

Msibani mtani ana ruhusa ambayo mwingine hana. Analala kaburini akidai apewe kitu ndipo atoke, anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Siku ile baba yake bibi alivaa koti la marehemu, akabeba tenga, akazunguka uani akitangaza kwamba mzee huyu aliwatumikia Wajerumani, na Wajerumani walipoondoka akawatumikia Waingereza bila kupumzika hata siku moja. Sasa mtu anayewatumikia maadui wawili ni nani kama siyo jasusi? Kuku na mayai viza alivitunga palepale, watu wakiwa mikekani wamejishika mbavu. Bibi alisema baba yake alimpenda mno yule rafiki, akawa hataki azikwe na watu walionuna.

Nikamuuliza hao maadui wawili babu aliwatumikia kwa kazi gani. Alishangaa kwamba sijui. Mpagazi, alisema. Alikamatwa na Mjerumani akabebeshwa mizigo ya vita, kisha akakamatwa na Mwingereza akabebeshwa tena.

Nilirudi nyumbani na hasira kidogo na kicheko kingi. Ukoo mzima ulikuwa umeokota utani wa msibani ukaufanya historia, na mwalimu wa historia akiwemo. Njiani nilipanga jinsi ya kumweleza baba polepole, mzee wa watu asije akavunjika moyo. Nilimkuta sebuleni. Hakuningoja hata niketi.

“Amekwambia,” alisema.

Kumbe siku ya mazishi alikuwepo. Alikuwa na miaka minane, alikaa mbele kabisa, na alicheka pamoja na wenzake. Nikamuuliza, tena kwa ukali, kwa nini basi ametudanganya miaka yote hii. Alichukua mkono wangu akaupitisha ndani ya ukosi wa shati lake mpaka kwenye bega la kulia, bega laini la mtu aliyekuwa karani tangu ujana. Akasema mahali hapo babu yake alikuwa na shimo. Nyama ililiwa na mizigo, kidonda kikapona vibaya, na yeye alipokuwa mdogo ngumi yake iliingia yote. Alipenda kulala ameiweka humo.

Siku chache baada ya msiba, mwalimu aliwauliza darasani babu zao walifanya nini wakati wa vita. Mmoja akasema wake alikuwa mkalimani, mwingine akasema askari, mwingine mtemi. Zamu yake ilipofika alilikumbuka lile shimo, akaona aibu, akasimama akasema jasusi. Darasa zima lilimpigia makofi.

“Nilimkana, mama,” baba aliniambia. “Hata mwezi ulikuwa haujaisha tangu tumzike. Na tangu siku hiyo namsifu mtu ambaye hakuwepo. Babu yangu mwenyewe sijamsifu hata mara moja.”

Nilimwonea huruma, na hasira yote ikaniisha. Nilitoa simu nikampigia fundi, nikamwambia neno jasusi aliondoe, aweke mpagazi. Akauliza kama kweli tumekubaliana, maana kwa uzoefu wake watu wakifika kwenye jiwe huongeza cheo, hawapunguzi. Kabla sijajibu baba alininyang'anya simu. Akamtajia neno mpagazi herufi moja moja, kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili, na alipomaliza akamwamuru alisome lote tangu mwanzo.