Miaka miwili nilijivunia sahihi ya mshauri wangu, kumbe sikuisoma

Wakuu, hamjambo wote, mlio kazini na mlio kwa wifi ya jirani.

Leo nawaambia kitu nilichofanya nikiwa campus. Sijaongeza chumvi. Ningeongeza, ningejipaka werevu kidogo, na hapa chini werevu hamtauona.

Niiteni Barasa. Kwetu ni Bungoma lakini nimelelewa Makongeni, Thika, kwa sababu mama alikuja kufanya kazi kiwandani nikiwa mdogo na hajawahi kuondoka. Campus yangu ilikuwa Ruiru. Nilikuwa nasoma BA, History.

Kabla mtu hajauliza History ni ya kazi gani: mama aliuliza mwaka wa kwanza, nikamjibu, yakaisha. Tuendelee.

Kwa idara yetu kila mwanafunzi alipewa academic advisor, yaani mwalimu wa kukuelekeza usome yuniti gani na lini, ili ufike mwisho bila kukosa kitu. Mwanzo wa semester unajaza fomu ya yuniti zako, mshauri anaipitia, anaweka sahihi.

Hiyo ndiyo sheria. Sisi tulikuwa na yetu.

Class rep wetu, Wambui, alikusanya fomu za darasa zima, akazipeleka kwa ofisi kama nguo za dobi, akazichukua baada ya siku mbili na kutugawia. Mshauri hatukumwona. Na kusema ukweli hatukutaka. Ukionekana unaenda kwa mshauri, watu wanajua umeachwa na msichana ama umeanza kuongea peke yako. Kwetu mshauri alikuwa wa watu wenye stress.

Kusajili yuniti zenyewe ulifanya mwenyewe kwa portal ya campus, mtandaoni. Fomu unaweka kwa file. Kwa hivyo ukikosea, hakuna wa kukuzuia.

Mshauri wangu aliitwa Dr. Simiyu. Nililiona jina kwa notice board nikafurahi. Simiyu ni jina la kwetu. Nikajua niko mikononi mwa mzee wetu.

Mwaka wa pili, semester ya kwanza, kulikuwa na yuniti inaitwa Mbinu za Utafiti wa Historia. Ilikuwa Ijumaa mchana. Mimi Ijumaa nilikuwa na kibarua kwa cyber hapo Thika, kutypia watu CV na kutoa photocopy. Nikaitoa hiyo yuniti, nikaweka nyingine ya Jumanne. Nilijiambia nitaichukua baadaye.

Fomu ikarudi na sahihi. Ya Wambui ilikuwa na herufi mbili tu za mshauri huyo huyo, W.S. Yangu ilikuwa na maandishi marefu ya haraka, yamelala upande kama nyasi. Nikayaangalia, nikasoma: Simiyu.

Wakuu, nilivimba kichwa.

"Ona," nikamwambia Wambui. "Wewe anakuwekea herufi mbili. Mimi ananiandikia jina lote. Damu nzito kuliko maji."

"Wacha ukabila, Barasa," akasema. "Labda yako alisign akiwa ameshiba."

Semester iliyofuata, tena jina lote. Mwaka wa tatu, tena mara mbili. Fomu nne, zote Simiyu. Yuniti ya Ijumaa nilikuwa nimeshaisahau kabisa.

Mtu atauliza, kwani mshauri hakutuma email? Alituma. Kwa ile email ya campus ambayo password niliipoteza wiki ya kwanza. Najua. Endeleeni kusoma.

Mwaka wa nne ukafika. Mama alikuwa ametangaza kanisani kwamba mwaka unaofuata mtoto wake anavaa joho. Senje, dada ya marehemu baba, alikuwa ameshachagua kuku watakaosafiri naye kutoka Bungoma. Mama alikuwa ameshapimwa kitenge. Mimi ndiye wa kwanza kwetu kufika campus, kwa hivyo hiyo graduation haikuwa yangu peke yangu.

Nikaingia kwa portal kusajili project, ule utafiti wa mwaka wa mwisho. Ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa. Iliandika kwamba nimekosa Mbinu za Utafiti wa Historia.

Nikakimbia kwa idara. Secretary hata hakuinua macho.

"Hayo ni ya advisor wako. Mlango wa tatu."

Nikabisha. Ndani kulikuwa na mama mmoja wa miwani anasahihisha CATs, ile mitihani midogo ya katikati ya semester.

"Samahani madam, namtafuta Dr. Simiyu. Yule mzee."

"Mzee ni mimi," akasema. "Wewe ni nani?"

Nikataja jina langu. Akaweka kalamu chini.

"Haiya! Barasa ni wewe? Nimekuita mara nne."

Sikuelewa. Nilieleza shida yangu, halafu nikatoa fomu zangu kwa file nikazipanga kwa meza, kwa sababu nilijua nina haki. Nikamwambia kwa heshima kwamba kama kulikuwa na makosa asingeziwekea sahihi.

"Nimesign wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Hapo pameandikwa nini?"

"Simiyu."

"Soma tena. Polepole."

Nikainama. Zile herufi za mwisho nilizoziona kama y na u zilikuwa mkia wa kalamu tu. Yalikuwa maneno mawili.

"See me," nikasoma.

Njoo unione. Mara nne.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Yeye hakucheka. Alizikusanya zile karatasi, akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia:

"Mwanafunzi wa historia ana hati nne mkononi, miaka miwili, na hajasoma hata moja. Aliona alichotaka kuona. Hiyo yuniti uliyoikwepa ndiyo inafundisha hilo."

Halafu akasema, "Na mimi pia nina makosa. Niliandika nikadhani nimesema. Ningemwambia tu class rep akulete."

Nikiwa bado nimechanganyikiwa nikajitetea kwamba nilidhani ni jina, tena nikafurahi kwa sababu ni mtu wa kwetu.

"Mimi ni wa Gatundu," akasema. "Simiyu ni bwanangu."

Basi hata hiyo damu ikaenda.

Aliniandikia barua kwa idara, waniruhusu kusoma hiyo yuniti na project pamoja. Alinionya mapema nisiweke tumaini. Wakakataa. Project inachukua mwaka mzima na haianzi bila hiyo yuniti. Maana yake nisome Mbinu mwaka huo na watoto wa second year, project ingoje mwaka mwingine.

Sasa kumwambia mama.

Alikuwa ametoka shift, ameloweka miguu kwa karai. Nikamwambia yote. Nilitarajia makelele. Yeye akauliza tu.

"Hiyo karatasi ilisema nini?"

"Njoo unione."

"Na hukuenda?"

"Sikuenda, mama."

"Mimi miaka yote niko hapo kiwandani. Supervisor akisema anataka kuniona, naacha mashine ikizunguka. Wewe umesoma, umeandikiwa mara nne, ukaona ni jina."

Akakausha miguu, akaingia ndani, akatoka na simu. Alimpigia senje nikiwa hapo hapo, akamwambia kuku waendelee kutaga kwanza. Hakumwambia ni kwa nini. Hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza.

Niliingia darasa la Ijumaa. Cyber nikahamisha hadi Jumamosi. Second years waliniita mzee. Niliipenda hiyo yuniti, wakuu, hilo nalo nalikiri. Na kila mwezi nilibisha mlango wa tatu, hata nikiwa sina swali.

Fomu yangu ya mwisho niliipeleka mwenyewe. Aliipitia mstari kwa mstari, akaweka herufi mbili: W.S. Nilizisoma mara tatu nikiwa nimesimama hapo. Niliuliza, "Daktari, hakuna kingine?" Akasema, "Hakuna. Enda ukavae joho."

Mama alivaa kitenge chake. Kilikuwa kimembana kidogo kwa ule mwaka wa kungoja, na alihakikisha nimejua.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikukataa kusikia. Nilidhani ni jina la mkuu.

Kwa hivyo mlio campus, hasa wa History: mshauri si wa wenye stress. Nenda mwenyewe, usitumwe kama nguo kwa dobi. Ukiogopa, nenda ukiogopa hivyo hivyo.

Na kabla ya kunicheka, toa fomu zako kwa file uziangalie. Halafu niandikieni hapa chini: mshauri wako anaitwa nani, na una hakika hilo ni jina?