Ameacha Unga

Usiku ule Mama Cheche alikaa kwenye kigoda nyuma ya mlango, simu mapajani, akingoja kuambiwa kama Bonge amezinduka au amekufa. Komeo alikuwa amelisukuma hadi mwisho, tena akauegemeza mlango kwa cherehani yake ya miguu, ile ambayo siku nyingine hakuna aliyeruhusiwa hata kuigusa. Chumba cha ndani mwanawe alikuwa akipiga ukuta kwa ngumi. Anapiga, ananyamaza, anapiga tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Mchana, huko karakana, Cheche alimpiga Bonge kichwani kwa nondo. Wote wawili walikuwa mafundi wa kuchomelea mageti, walikula pamoja, walitaniana, hawakuwahi kukosana. Fundi mkuu ndiye aliyepiga simu kutoka hospitali. Alisema Bonge hajafumbua macho, damu inamtoka sikioni, polisi watakuja asubuhi, lakini ndugu zake wameapa hawatawangoja polisi. Mfungie ndani, alisema, na usifungue hata ukisikia sauti yangu.

Mama alifunga. Ila alipokuwa akisukuma lile komeo alijiuliza anamfungia nani nje na nani ndani, kwa maana ilikuwa wiki nzima sasa anamwogopa mwanawe mwenyewe.

Cheche hakupewa jina hilo kwa ajili ya hasira. Ni cheche za moto wa kazini tu. Alikuwa kijana wa kutaniwa akacheka, wa kumkanyagia mama cherehani miguu yake ikichoka. Kisha tumbo likamwanza. Kila alichokula kilimpita kama maji, akakonda mpaka suruali ikafungwa kwa kamba. Walimpa dawa za minyoo, za amiba, za vidonda vya tumbo. Mwisho daktari mmoja alimpima damu na kuwaambia kwamba utumbo wake haupatani na ngano. Dawa yake ni kuacha. Mkate, biskuti, keki, tambi, hata mchuzi uliotiwa kijiko cha unga uwe mzito, vyote basi, maisha yake yote, wala asidanganywe kwamba kidogo hakidhuru.

Alipomaliza, daktari alimgeukia mama. Wiki za mwanzo atakuwa mkali, alimwambia. Ana njaa, kichwa kinamgonga, halali vizuri, na anawaona wenzake wanakula yeye anatazama. Mkiona amepanda, msibishane naye. Chakula kwanza, maneno baadaye.

Mama alilishika neno hilo kuliko yote. Sufuria ya mwanawe aliifunga uzi mwekundu kwenye mpini, asije akaichanganya na nyingine, na hakuigusa kabla ya kunawa hadi viwiko. Akajifunza kumtazama kijana wake kama anavyotazama mshono. Taya likianza kucheza, sauti ikishuka, vidole vikakwangua meza, yeye kimya kimya anaweka kiazi cha kuchemsha mbele yake na kuondoka. Cheche naye alikuwa na njia yake. Akihisi damu inachemka hutoka nje uani, akalipondaponda bati bovu kwa nyundo mpaka majirani wakalalamika, kisha hurudi kalowa jasho na kusema, "Haya, mama, nimekuwa mtu tena." Wakacheka wote wawili. Mambo yalikuwa yanaanza kutulia, hata mashavu yakaanza kumjaa.

Yaliharibikia karakana, tena kwa neno moja. Saa ya chai wenzake walipomsogezea mkate, alisema, "Mimi nimeacha unga."

Karakana nzima iliangua kicheko. Mtu mkondefu, macho mekundu, mikono inatetemeka, ukimkanyaga kidogo anakukunjia ngumi, halafu anasema ameacha unga. Nani asiyejua unga huo ni upi, ule unaovutwa na kudungwa vichochoroni? Mmoja akamuuliza, "Unga wa wapi, teja?" Cheche angeweza kueleza. Lakini kueleza kulitaka aanze kusimulia habari za choo mbele ya wanaume wazima, naye akaona afadhali wacheke.

"Unga ni unga," akajibu.

Kuanzia hapo akawa Teja. Nyumbani alisimulia kama kichekesho, na mama alicheka kwa kuwa mwanawe anacheka. Kwake yeye unga ulikuwa kitu cha kuchekechwa.

Haukupita muda tumbo likarudi. Lilirudi na kila kitu chake, na maumivu, na kukesha chooni, na ile hasira, sasa haina mlango wa kutokea. Hakuenda tena uani kwenye bati. Siku moja alisukuma jiko kwa teke, maharage ya moto yakamwagikia mama miguuni. Kesho yake alimshika mkono akaupinda mpaka kitu kikalia ndani ya kiwiko, huku akimuuliza kwa sauti ya chini, "Unanitilia nini? Niambie unanitilia nini." Mama aliapa hamtilii kitu. Akamwachia kwa kumsukuma, akaenda kupasua kioo cha kabati kwa kichwa chake mwenyewe. Majirani walipouliza, mama alisema ameteleza bafuni. Usiku akakaa na ile sufuria ya uzi mwekundu, anainusa, anaikwangua kwa ukucha, anatafuta kosa lake.

Kosa halikuwa kwake. Mchana ule wa nondo Cheche alirudi jikoni pale karakana kabla ya wakati, akamkuta Bonge amechuchumaa mbele ya kopo la chakula ambalo yeye Cheche hubeba kutoka nyumbani, anafikicha mkate ndani ya maharage. Bonge aliuficha mkate nyuma ya mgongo. Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili kichwani, la tatu mafundi waliwahi kulizuia kwa kumrukia Cheche na kumpiga wao, kwa buti na kwa chochote kilichokuwa karibu. Akachomoka, akakimbilia kwao, mdomo umechanika.

Usiku simu ya mama haikulia. Kilichokuja ni vishindo vya miguu, kisha shoka mlangoni.

"Mama, fungua," ilisema sauti ya kaka yake Bonge, mwenye bucha. "Wewe hatuna neno nawe. Tunamtaka huyo teja wako."

Shoka likapiga tena, ubao ukapasuka, mkono ukapenya ukipapasa komeo. Mwanamke ambaye hajawahi kumpiga hata kuku alichukua mkasi wa kushonea akauchoma ule mkono. Uliporudi nje uliacha damu kwenye ubao.

"Mama, umenichoma," mwenye bucha alisema, kama mtu aliyeonewa.

"Ulete tena nikuchome tena."

"Unalinda nini humo? Ungejua." Alikuwa anahema. "Ungejua Bonge alikuwa anafanya nini na huo mkate. Tulikuwa na mdogo wetu wa mwisho. Aliacha unga, akarudia. Akaacha, akarudia. Hakuwa na wa kumlisha akiacha, mwili ukamshinda, tukamwokota mtaroni amekauka. Bonge akasema huyu wa kwao karakana hafi hivyo yeye akitazama. Anakonda, anakataa mkate, basi atamlisha asijue. Kila siku anamfikichia mkate kwenye maharage. Jioni anakuja kwangu anajisifu, leo nimemtilia vipande viwili, kala vyote. Huyo ndiye aliyepasuliwa kichwa."

Mama alibaki na mkasi mkononi. Maneno yalimfikia moja moja.

"Unga upi?" aliuliza.

"Unga, mama. Wa kuvuta."

"Mwanangu hajavuta kitu," alisema. "Aliacha ngano. Daktari alimkataza ngano, utumbo hauiwezi. Mkate, baba. Huo mkate wenu ndio uliokuwa unamuua."

Huko nje mtu mmoja kati ya waliofuatana na mwenye bucha alitoa kicheko kifupi, kama chafya, akanyamaza.

Hata ngumi za chumba cha ndani zilikuwa zimekoma. Mama aligeuka akamwona Cheche amesimama nyuma yake, mikono mitupu, uso umevimba. Amesimama hapo muda gani, hakujua. Kwa mazoea aliangalia kwanza taya, kisha vidole. Vilikuwa vimetulia.

"Kaka," Cheche aliita kupitia ule ufa. "Amezinduka?"

"Bado."

"Nipeleke kwake."

Mwenye bucha alisogea kwenye ufa. "Nikupeleke vipi? Ukitoka hapa sijui mkono wangu utafanya nini. Nakwambia ukweli ulivyo."

"Najua," Cheche alisema. "Mimi pia sikujua wangu utafanya nini."

Aliisogeza cherehani pembeni taratibu, asiikwaruze. Mama alilishika komeo kwa mikono miwili akaliegemea kwa kifua. Alimwambia ngoja polisi, ngoja kuche, ngoja simu ilie, fundi mkuu kasema tusifungue. Alimwambia hao wana shoka. Cheche hakubishana naye. Akaanza kumbandua vidole kwenye komeo, kimoja kimoja, akianza na vya mkono ule alioupinda, polepole kama anatoa mwiba, na alipofika kwenye kiwiko kilichovimba akasita, akakipapasa.

"Niache niende, mama," alisema. "Nikibaki humu nitakuja kukuua wewe."

Naye aliona ni kweli. Akaachia.

Komeo lilirudi nyuma. Mlango uliopasuka ukakwama, ukavutwa, ukafunguka, na kabla Cheche hajainua mguu, mama yake alikuwa ameshapita chini ya mkono wake, ametangulia kutoka.